Jua la Plasta

Jumamosi, 9 Agosti
Nimefagia roshani, nikamwagilia asumini. Nyundo. Kuchungulia chini, fundi yuko juu ya ngazi, anabomoa jua letu. Jua la plasta juu ya mlango, ambalo miale yake inafika mpaka kwenye mistari mitatu inayozunguka pembe ya nyumba. Kila Idi marehemu mama alilipaka chokaa ya manjano mwenyewe. Leo miale ya kushoto yote ni vifusi.

Nilishuka bila buibui, nikamfukuza. Katumwa na kaka yangu Swaleh. Anataka mbele nzima ibandikwe vigae vya kung'aa kabla ya harusi ya mwanawe. Vigae vya choo!

Jumapili, 10 Agosti
Swaleh kaja, hata salamu haikumtoka vizuri. Ati nakshi zinashika vumbi na mavi ya kunguru, wakwe matajiri wa Kizingo watamcheka. Kisha akataja mirathi: yeye mafungu mawili, mimi moja. Sheria naijua, sibishani nayo. Lakini tangu baba afe hatujagawana. Kila mmoja anaona haya kuanza, watu wasije wakasema tumegombana. Basi mafungu yake yako wapi? Mpumbavu.

Jumanne, 12 Agosti
Fundi karudi. Nimeweka kiti mlangoni, nikakaa chini ya ngazi yake hadi adhuhuri. Majirani wanaulizana. Waulizane.

Alhamisi, 14 Agosti
Nimelisema. Mbele ya Ami Bakari, ndugu wa baba: "Ami, nataka tugawane."

Swaleh akanitazama kama niliyemtukana mama. Ami akauliza nataka wapi. Mbele, nikasema: vile vyumba viwili vya juu, vidogo, vya joto, pamoja na mlango na ukuta wote. Duka la chini na vyumba vya kupangisha achukue yeye.

Swaleh alicheka. "Ataka ukuta? Mpeni ukuta wake!"

Nimemchukia kwa kicheko kile kuliko kwa nyundo.

Jumatano, 20 Agosti
Tumetia saini kwa kadhi. Fundi anasema miale iliyovunjika hawezi kuirudisha ilivyokuwa. Nimemwambia aiache.

Kadi ya harusi haijanifika.

Alasiri Swaleh alikuja dukani. Hakupitia mlango wa mbele, ambao sasa ni wangu. Alizunguka uchochoroni, kwenye mitaro, kanzu kaikunja mkononi. Nilikuwa roshani. Hakuinua kichwa, nami sikumwita.