Yule wa Kwenye Picha Hakuwa Mtumishi

Mpendwa Dada Lois, naomba msaada wako haraka maana maonyesho ya picha za madam wangu ni Alhamisi. Naitwa Proscovia, ni Mganda, nafanya kazi za nyumbani kwa Madam Ikhlas huku Uarabuni, mtaa wa Al Barsha, mwaka wa nne sasa, na madam anakusanya picha za zamani za waigizaji wa jukwaani wa Uingereza, zilizopigwa studio enzi za Malkia Victoria na kubandikwa kwenye kadi ngumu, mashabiki wakawa wanazinunua na kuzipanga kwenye albamu, na mimi ndiye ninayezifuta vumbi. Sasa kuna moja ya mwanamke mweusi amesimama kando ya mwanamke wa Kizungu aliyeketi, na Bwana Marwan, mtaalamu wa picha wa madam, ameiandikia “Mwigizaji na mtumishi wake”, na mimi kila nikiifuta naona huyu si mtumishi, kwa sababu mikono ya kusugua sakafu naijua, ninayo, na yule ana kucha ndefu na viatu vya hariri. Nilipomwambia Bwana Marwan alicheka, akasema, “Proscovia, wewe futa vioo tu.” Iliniuma, basi Jumatatu madam alipotoka nikafungua fremu kwa kisu cha jikoni, najua nilikosea, na nyuma ya kadi nikakuta maandishi ya wino kwa Kiingereza: “Clara Whitlow, ameketi, na Adelaide Munroe, amesimama: malkia wawili.” Nikairudisha. Nikisema, madam atajua nimechezea mali yake, na visa yangu iko mikononi mwake. Nikinyamaza, Adelaide atatundikwa mbele ya watu kama mtumishi. Nifanyeje?

Proscovia,

Barua yako isingeweza kungoja gazeti, ndiyo maana nilikupigia simu Jumanne, na wasomaji wajue nilichokuambia. Kwanza nilikugombeza. Kadi ya zaidi ya miaka mia moja haifunguliwi kwa kisu cha jikoni. Ingechanika, leo tungekuwa tunaongea mengine. Kisha nikakuambia: mwendee madam asubuhi, anza na kosa lako, halafu mwombe afungue fremu mwenyewe. Bwana Marwan usimtaje.

Ukafanya hivyo. Ukanisimulia kwamba madam alisoma nyuma ya kadi mara mbili, kisha akampigia Bwana Marwan: “Njoo ubadilishe maandishi. Leo.” Alipofika alitafuta jina hilo kwenye matangazo ya zamani ya michezo, akalikuta, tena limetangulia jina la Clara, kama mwigizaji mkuu. Akakugeukia, akasema, “Samahani. Ulinieleza, sikusikiliza.”

Alhamisi hukubeba sinia. Ulivaa gomesi yako ya kijani, vazi la heshima la Kiganda, ukasimama mbele ya wageni, na madam akakuomba usome maandishi mapya: “Adelaide Munroe, mwigizaji.” Uliniambia sauti yako haikukwama hata kidogo.

Sasa unauliza jipya: madam anataka uwe mtunzaji wa picha zake zote, na unaogopa kwamba hukusomea. Acha woga huo. Aliyesomea alikuwepo, na hakuona. Kubali leo. Ila mwambie madam abadilishe mkataba, cheo chako kiandikwe wazi, na aajiri mtu mwingine wa kusugua sakafu. Na umwombe akupeleke kozi ya kutunza picha, maana kile kisu sitaki kukisikia tena.