Wamemtenga nesi, maji wakamnyima

Katesh, Jumanne, Julai 2021. Upepo wa mlimani tangu asubuhi, vidole havikunjiki. Niliondoka kwetu Masieda mahindi yakiwa machanga; sasa nasikia wanavuna, nami wananisubiri.

Nimechoka. Mimi ni kibarua hospitalini, nafua mashuka na kusukuma mitungi ya oksijeni. Shule niliishia darasa la sita. Lakini leo nimeona jambo, limenikaa kifuani.

Nesi Paskalina amemchoma mzee mmoja mara nyingi bila kupata mshipa. Mzee akatoa machozi. Nesi akamfokea, kisha akatoka nje, akaegemea ukuta.

Sio kwamba kazi haijui. Mwezi uliopita wagonjwa walikuwa wanamwita yeye tu.

Ameniambia, bila kunitazama, kwamba mama mwenye nyumba amemfungia bomba la uani kwa sababu anauguza wenye korona. Anachota mbali, na huko nako watu wanamkwepa. Anafika kazini hajala, mikono inatetemeka kwa kubeba madumu. Wiki ikiisha hivi, anaacha kazi, anaenda kwa dada yake Babati.

Akienda, wodi yetu haina nesi wa mchana.

Kutenga nakujua. Kwetu nyumba ikipata msiba mbaya haiingiliwi, wenyewe hawapewi mkono, mpaka muda wao uishe. Nesi naye ni mtu wa kwetu, mila hiyo anaijua, ndiyo maana hakugombana.

Nilipotoka kazini nilienda kwa yule mama mwenye nyumba. Nikasimama nje ya ua, nikampa shikamoo yake. Akaniambia nisisogee, nanuka dawa. Sikusogea.

"Mama, kwetu aliyetengwa anawekewa maji njiani. Wewe umetenga, na maji umenyima. Hiyo mila umeitoa wapi?"

Akanitazama sana. Akauliza mimi ni mtoto wa nani, wa wapi. Nikamtaja baba, nikataja Masieda.

"Watu wa Masieda mna midomo," akasema.

Akaingia ndani, akatoka na ndoo mbili. Akazijaza, akaziweka kwenye njia ya kwenda chumba cha nesi. Akasema kila asubuhi atazikuta hapo, ila bombani asifike.

Nesi akatukuta hapo hapo. Akaziangalia zile ndoo, akamshukuru mama kwa mbali. Halafu akanigeukia.

"Na wewe kaka, nasikia Jumamosi unaenda kuvuna. Mashuka nitafua mimi?"

Alisema kama utani.

Wodini wagonjwa wenye mashuka machafu hawalali vizuri, na anayewahangaikia ni yeye. Nimemwombea mtu maji ili abaki, halafu niondoke mimi?

Mama yangu, najua mdogo wangu atakusomea haya kwenye simu. Vuneni bila mimi. Nisubirini Novemba, mvua za kwanza zikianza. Nitakuja kupanda.