Sauti Ndani ya Wimbo wa Saba

Singe, Babati
14 Juni 2004

Kaka Amedeus,

Shikamoo. Huku mahindi yamekauka vizuri na tumeanza kupukuchua. Zile CD zako za muziki wa transi wa zamani zimefika salama kutoka Mererani.

Uliuliza nazionaje. Kusema kweli, hao wanaokusanya nyimbo wanatuonea. Wimbo wa kwanza unakuinua, wa pili unakuinua zaidi, halafu yanafuata madude kama mashine ya kusaga inayozunguka bila mahindi. Hata hivyo siruki wimbo, maana ulinifundisha mwenyewe kwamba albamu husikilizwa yote.

Jumamosi nilikuwa uani napukuchua, nimevaa hedifoni. Wimbo wa saba ulikuwa mbovu kuliko yote, ila katikati ikaingia sauti ya mwanamke anaita kwa mbali. Unajua nyimbo hizi zinavyopenda kuchomeka maneno ya watu. Nikasema moyoni, kumbe huu nao una kitu. Nikaongeza sauti.

Mama alikuwa ameteleza na ndoo nyuma ya nyumba. Mama Hope, jirani yetu, ndiye aliyemkuta. Nyonga imevunjika, amelazwa, anakusalimu sana. Hajanilaumu. Anawaambia wanaokuja kumwona kwamba muziki ule una kelele, mtoto angesikiaje. Nami nimewaacha waamini hivyo.

Jana niliurudia wimbo wa saba, mwanzo hadi mwisho. Hauna sauti ya mtu yeyote.

Mdogo wako,
Praygod