Usimfukuze Shangazi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakusalimu kutoka huku ambako joto la mwezi huu linabandika shati mgongoni kabla hata hujaanza kazi. Macho yako yanaendeleaje? Ile miwani waliyokupa Bukoba inakaa vizuri, au bado unaifunga na uzi? Na goti je? Na ile migomba ya nyuma ya jiko, imepona mnyauko au mmeing'oa? Mimi ni mzima. Mgongo unalalamika kila jioni, lakini mgongo wa mtu wa kazi hii usipolalamika ujue amefukuzwa. Ninakula, ninalala, na siku nyingi ninacheka. Usiwe na wasiwasi nami.

Barua hii anakuletea kijana wa Rwamishenye tuliyekuwa tukikaa naye, amemaliza mkataba wake. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu ya nyumbani kwetu ina masikio mengi. Wewe unasema haloo, Muganyizi anaweka sauti kubwa, mkewe anacheka, jirani naye anasalimia. Haya ni yako kwanza. Kaa, vaa miwani, soma polepole. Ukimaliza ndipo umpe mdogo wangu Muganyizi.

Ni habari ya Shangazi Kokugonza. Uliniambia Muganyizi anataka kujenga kwenye kona ya kibanja chetu cha migomba, upande wa rweya, kule kwenye nyasi tupu zisizo na mwenyewe, pale alipolala Shangazi. Ukasema mafundi wawili wamekataa kuchimba msingi kwa kuogopa mzimu wake, na kwamba mdogo wangu amepata mtu wa kuja kuufukuza, halafu mifupa itolewe kibanjani ikazikwe kwenye majani ya rweya kama ya mtu asiye na kwao. Ukasema, "Mimi sijui, mwanangu. Naona aibu kwa watu wa kanisani, lakini nyumba lazima ijengwe." Tangu siku hiyo neno hilo limenikaa kifuani kama nati iliyoshika kutu. Nitaeleza kwa nini, ila lazima nianzie huku.

Unajua kazi yangu ni kubomoa magari mabovu ya Wajapani. Tunatoa injini, gia boksi, taa na milango, tunavipanga kwenye kontena, vinakuja huko. Huenda bodi la gari lililokupeleka hospitali lilipita mikononi mwangu. Ninayefanya naye kazi ni mzee mmoja anaitwa Tanabe, mwembamba kama ufagio, anavuta sigara na kujikaripia mwenyewe. Jina la Mutalemwa limemshinda, ananiita Muta. Kijapani changu ni cha yadi: fungua, shika, lete, angalia kidole. Kwa mengine tunaandikiana kwenye simu, simu inatafsiri.

Jumapili mchana huwa ananialika kwake kula tambi za baridi na kutazama filamu za mizimu. Usishtuke, Mama. Huku filamu hizo ni za msimu wa joto. Wanasema ukiogopa sawasawa, baridi inapita mgongoni na mwili unapoa. Nilicheka sana. Nikamwambia kwetu joto tunalitibu kwa kukaa chini ya mgomba. Akasema, "Hapa hakuna mgomba. Kaa uogope."

Nimeona nyingi sasa. Karibu zote mzimu ni mwanamke. Nguo nyeupe, nywele ndefu nyeusi zimefunika uso, mara nyingi amelowa maji. Hakimbizi mtu na panga. Anasimama tu. Jumapili ya kwanza nilimdhihaki Tanabe. "Mizimu yenu mivivu. Kwa nini haifanyi kazi?" Akasimamisha filamu, akaanza kuandika kwenye simu, na safari hii aliandika kirefu.

Alisema nguo ile nyeupe ni ya maiti, ndiyo waliyokuwa wakizikia watu zamani. Nywele wanawake walikuwa wakizifunga maisha yao yote, zikafunguliwa siku ya kufa. Halafu akasema wanawake wale walipokuwa hai walifundishwa kuvumilia. Mume akiwapiga, wanyamaze. Mama mkwe akiwanyima, wanyamaze. Waliposema, walisema taratibu, na hakuna aliyegeuka. Sasa wamekufa, hawana cha kuogopa, ndiyo maana wanarudi. "Unafikiri nywele zimefunika uso ili kukutisha?" akaniuliza. "Zimefunika kwa sababu alipokuwa hai hakuna aliyemtazama usoni."

Nikamuuliza kwa nini basi mizimu ya filamu za zamani inatoka visimani, na ya siku hizi inatokea kwenye simu na kwenye lifti. Akacheka hadi akakohoa. "Nani anatazama kisimani siku hizi? Anakuja pale macho yenu yalipo."

Sasa sikia filamu iliyoniangusha. Familia moja ina karakana ya kutengeneza mchuzi wa soya. Mke wa mtoto wao amekufa miaka mingi, na hawamtaji. Kila wakikaa kula, mezani kuna bakuli moja la ziada, tupu, limelowa. Baba wa nyumba analitupa, kesho lipo. Analivunja, kesho lipo, zima. Mtoto mdogo anauliza ni la nani, anapigwa kofi. Watu wa nyumba ile wanakonda kwa hofu, Mama, na hakuna aliyewagusa. Mwishoni bibi mzee, mama mkwe aliyekuwa akimnyima chakula yule marehemu, anachota wali, anaujaza kwenye lile bakuli, anasema, "Umekula?" Basi. Mzimu unasogeza nywele, na chini yake hakuna meno wala damu. Ni uso wa mtu aliyechoka, kama mimi au wewe. Anakula, anaondoka.

Nililia. Tanabe alidhani ni pilipili ya tambi.

Mama, sasa ninasema jambo ambalo nimelificha tangu nina miaka kumi na saba.

Unakumbuka siku ile kahawa iliponyeshewa? Nilikuwa nimeacha shule kidato cha pili, marehemu Baba akaniweka nilinde kahawa iliyoanikwa uwanjani. Nikaenda kwa jirani kunywa pombe ya rubisi. Mvua ikaja, kahawa yote ikalowa. Niliporudi mbio, Baba alikuwa amesimama mlangoni na fimbo.

"Ulikuwa wapi, wewe?"

"Nimemwona Shangazi," nikasema.

"Shangazi yupi?"

"Kokugonza. Amesimama kwenye kona yake. Amevaa lile gauni jeupe tulilomzika nalo, nywele zimelowa. Nikakimbia."

Baba akashusha fimbo. Hakunicheka, hakuninusa mdomo. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Amesema nini?"

Nikasema, "Hakusema. Ameshika kikapu cha kahawa. Kitupu."

Wewe ulikuwa umebeba sufuria. Ukakaa chini palepale kwenye matope.

Ulikuwa uongo, Mama. Wote. Sikumwona mtu. Nilikuwa nimelewa na ninaogopa fimbo. Lakini miaka yote hii nimejiuliza kikapu kile nilikitoa wapi. Sikukipanga. Kilitoka mdomoni chenyewe. Nimekipata mbele ya filamu ya Wajapani. Kila alipokuja mgeni kwetu ulipitisha kikapu cha kahawa ya kutafuna, kwa mgeni, kwa Baba, kwa wajomba, hata kwetu vijana. Kilipofika kwa Shangazi, kwenye kiti chake karibu na mlango, kilirudi. Alirudi kutoka kwa mume huko Kagondo bila mtoto, na nyumbani kwa babake mwenyewe akawa si mwenyeji, si mgeni. Alikuwa akifungua kiganja kidogo hivi, halafu anakifunga. Nilikiona kiganja kile. Sote tulikiona.

Ndiyo maana mliniamini upesi vile. Mzimu nilioutunga mimi ulikuta nyumba imeshatandikwa. Shangazi alipokufa, Baba akasema asilale karibu na babu, akawekwa mpakani, hakupandiwa hata mulamula, mti ambao makaburi mengine yote ya kwetu yanao. Na baada ya uongo wangu hakuna aliyekwenda tena kupalilia pale. Mimi ndiye niliyemfanya awe wa kuogopwa. Nyinyi mlimnyima kahawa. Mimi nilimnyima hata wa kumng'olea magugu.

Sikuandikii kukulaumu. Najua wewe pia ulikuja nyumba ile ukiwa bibi harusi na uliogopa kukosea mbele ya Baba. Tanabe naye ana dada yake ambaye hakwenda kumzika, waligombana. Huku wana desturi: katikati ya msimu huu wa joto wanawasha moto mdogo mlangoni kuwaita wafu wao waje nyumbani siku chache, wale, halafu wanawasindikiza. Wanaowaogopa hasa, aliniambia, ni wafu wasio na mtu wa kuwaita. Wiki iliyopita, jua likiwa bado lipo, aliwasha wake, akataja jina la dada yake, kwa mara ya kwanza kwa miaka mingi. Kisha akaniuliza, "Muta, wako nani?" Nikatoa kahawa uliyonitumia kwenye ile soksi, nikaweka punje chache kwenye kisahani, nikamtaja Kokugonza kwa Kihaya. Hakuna kilichotokea. Moto ulizimika, tukala tikiti maji. Lakini nati ile kifuani ililegea.

Sasa ombi langu. Mwambie Muganyizi mzimu anaotaka kumlipa mtu aufukuze ulitungwa na kaka yake, na kaka yake amekiri. Acha acheke, acha anitukane, namjua. Na nyumba asijenge pale. Ajenge kwenye sehemu yangu, pale juu karibu na barabara, ambako ni pazuri zaidi. Nampa, si kumwazima. Mimi nikirudi nitajenga kwenye ile kona, jirani na Shangazi. Sina ninachokiogopa pale sasa.

Na wewe, Mama, kabla ya mvua, chukua kile kikapu. Kiweke kahawa. Nenda mchana, watu wakuone, hata wa kanisani, si uganga huu. Mpalilie, mpande mulamula. Ukae naye kidogo. Goti likikataa, akupeleke mke wa Muganyizi.

Nisalimie mdogo wangu Muganyizi na hao pacha wake. Nisalimie mjomba Rwegasira, mwambie ile nozeli ya pikipiki yake ninaitafuta. Nisalimie mwalimu wangu wa darasa la nne, akiona mwandiko huu ajue fimbo zake hazikupotea zote. Nisalimie mama wa jirani aliyeniuzia ile rubisi, anajua zaidi ya alivyosema.

Nami nipo. Kesho kuna malori matatu ya magari yanasubiri.

Ukifika pale kwenye kona, mwambie aliyemsingizia ni mimi, na kwamba nimeomba radhi. Halafu mpitishie kikapu, Mama, na safari hii usikirudishe mpaka uone amechukua.

Mwanao,
Mutalemwa