Udongo wa Rutamba Haulambiki

Dada Mwanaidi, shikamoo. Nisamehe kukaa kimya, mtoto hanipi nafasi. Huku Rutamba udongo wa bondeni sijauelewa: mweusi, mwepesi kama sifongo, ukiukamua unatoa maji. Jana hamu ya udongo ilinishika, nikachota kidogo nilambe, kumbe unanuka yai viza! Mama mkwe akacheka: "Mwanangu, huo si udongo, ni matete yaliyozama majini yakagoma kuoza. Kwani una mimba?"

Nikamtazama mtoto mgongoni; huyu bado ananyonya. Mama usimwambie kwanza. Mungu akutunze, dada yangu, nakuhitaji. Nitumie udongo mwekundu wa kula, ndimu, na zile nguo za kichanga nilizokwambia ugawe. Usizigawe.