Zamu za Mwanga Usioonekana

Jumamosi, 3 Oktoba 1970

Injini imekohoa, imekataa, imetukanwa, imewaka. Mathai, Mhindi wetu wa Kerala anayepiga picha, akamaliza chai yake. Nikafungua mlango. Benchi limejaa mpaka nje juani.

Kazi yangu ni kugawa saa za mashine ya eksirei. Unguja nilikuwa bandarini, napanga meli ipi ifunge gati lipi. Hapa Maskati napanga mbavu za watu. Injini ya umeme ni moja. Asubuhi inalisha mashine, baada ya adhuhuri inalisha chumba cha upasuaji. Vyote viwili kwa pamoja haiwezi. Tulipojaribu ilizima hospitali nzima, na Mathai akasema maneno ya kwao ambayo sikuomba tafsiri.

Leo asubuhi imepotelea mlangoni. Nimemwita mzee wa mji wa Samail. Akamgeukia mwenziwe wa Sur, tafadhali wewe kwanza. Wallahi siingii kabla yako. Nimeshaapa. Na mie nimeapa, akajibu wa Sur. Injini inanguruma, mafuta yanaungua, meza tupu. Yule wa Sur ana ubavu uliovunjika, anaushika kwa mkono mmoja na kwa wa pili anamsukuma mwenziwe mbele. Sijapata kuona watu wakigombana kwa adabu namna ile. Ikaadhiniwa adhuhuri, hakuingia yeyote.

Nimerudi nyumbani na hasira. Nimekula sana. Hasira zangu zote huishia kwenye sahani.

Jumapili, 4 Oktoba 1970

Dokta Pieter, daktari mgeni wa upasuaji, alikaa nami leo kwenye kivuli cha ukuta. Nilimuuliza mwanga wa mashine unatoka wapi. Miezi miwili naugawa, siujui hata sura.

Hauna sura, akasema. Ndani ya ile chupa ya kioo mna waya unaiva kwa moto. Waya unatoa vitu vidogo, vumbi mbele yake ni mlima. Umeme unavirusha kwa kasi isiyosemeka, vinakwenda kugonga chuma. Pale vinapogonga ndipo unapozaliwa mwanga usioonekana, unaopita nyamani kama sisi tupitavyo uchochoroni.

Subhanallah.

Kisha akaniambia la pili. Ana ndugu yake mwanachuoni Ulaya. Wanayo mashine ya ukoo huuhuu, ila yao ni duara kubwa kama mji, imefukiwa ardhini. Vile vitu vidogo vinatimuliwa humo, mzunguko juu ya mzunguko, mpaka vinakaribia kasi ya mwanga wenyewe, ndipo vinagongeshwa, watu wajue dunia imefanywa kwa kitu gani. Mabingwa wanatoka nchi kwa nchi kungoja saa zao. Na yuko mtu kazi yake ni kugawa saa hizo.

Nina mwenzangu! Mie huku na benchi langu, yeye kule na maprofesa wake. Nikauliza, wakichelewa? Dokta akasema sheria yao ni moja. Asiyetumia saa yake ameipoteza, anakwenda mwisho wa mstari, hata awe nani.

Nimeipenda sheria hii. Nimetembea nyumbani kifua mbele.

Jumanne, 6 Oktoba 1970

Nimeitangaza. Kwa Kiarabu, kwa Kiswahili, na kwa Mabaluchi nimeitangaza kwa mikono. Ukiitwa, ingia. Ukimpa mwenzako zamu yako, wewe nenda mwisho.

Benchi lilishtuka kama nimewatukana mama zao. Lakini waliingia. Picha zilipigwa mfululizo, zikaning'inia kwenye kamba zikikauka: bega, fupanyonga, kifua, kifua, kifua. Nilisimama chini yake nikitazama juu. Watu waliopita mbele yangu kwa kanzu na madaraja yao, wote ndani ni weupe namna moja.

Nimemweleza mke wangu habari ya mwenzangu wa Ulaya. Asya akacheka mpaka akakaa chini. "Sheikh Khamis, mgawa nuru! Na nyumba hii umeshindwa kugawa zamu ya kuoga."

Jumatano, 7 Oktoba 1970

Khabari nzito. Dokta Pieter anaondoka kabla ya Ramadhani. Atawapasua wale tu ambao picha zao atakuwa nazo mkononi ifikapo Alkhamisi ya tarehe kumi na tano. Wengine wangoje daktari mwingine, na daktari mwingine hakuna anayejua atatoka wapi, wala lini.

Dada yangu mkubwa, Da Zuhura, nimemweka Jumatatu. Goti lake halikunjiki tangu mwaka ule wa kuhama, sitini na nne, alipoanguka ngazini na mizigo. Miaka sita anasali kwenye kiti. Halalamiki kwa maumivu. Analalamika kwa kitu kimoja: paji lake la uso haligusi chini. Aliniambia juzi, "Khamisi, nnasali kama niko ofisini."

Zamu yake ni ya haki. Aliandikishwa siku yake kama watu wote, na benchini sikumwambia mtu kuwa ni ndugu yangu. Nilijiona mwadilifu sana.

Jumatatu, 12 Oktoba 1970

Siku mbaya.

Nimemwita Da Zuhura. Akainuka na bakora yake. Pembeni yake alikuwa bibi mmoja wa kijiji cha Yiti, mkono umevimba, amepakwa manjano. Da Zuhura akamtazama. Nikajua. Nilimwona anafungua mdomo, nikatamani injini izime.

"Wallahi al-Adhim, bibi, hutabaki wewe nikaingia mie."

Bibi akaingia.

Benchi zima likanigeukia. Ningeweza kusema neno. Ningeweza kukohoa, kuangalia dirishani, kujifanya sikusikia, mambo ambayo nimeyafanya maisha yangu yote bila shida. Badala yake nikasema, mwisho wa mstari. Sauti yangu ilikuwa ya mtu mwingine, mtu simpendi.

Da Zuhura alinitazama kidogo. Akasema, "Haya, bwana mkubwa." Akaenda akakaa mwisho. Mwisho wa mstari uko mbali kuliko Alkhamisi.

Asya hakunisemesha usiku kucha. Sikula. Amini usiamini.

Jumanne, 13 Oktoba 1970

Da Zuhura ametuma chakula cha mchana hospitalini. Wali wa nazi na changu wa kukaanga. Hakutuma neno. Ningependelea matusi.

Nilimfuata Dokta Pieter kabla hajanawa mikono. Nikamuuliza, kule kwa ndugu yako, mtu akimpa mwenzake saa zake, wanafanyaje? Hakuelewa swali. Nikarudia. Akacheka kwa mshangao. Kule hakuna anayempa mtu saa zake. Kule wananyang'anyana. Wanapandishiana sauti kwenye vikao, mmoja akipata siku mbili, wa pili anataka tatu. Sheria imewekwa kuwazuia.

Nikabaki nimesimama na kofia mkononi.

Sheria ya wanyang'anyi, nikawavisha watu wanaopeana. Mpumbavu gani huyu? Nimekwenda kuazima kufuli Ulaya kwa nyumba isiyokuwa na mwizi.

Nikamwomba basi yeye aseme neno juu ya dada yangu. Akakataa, kwa upole. Zamu ni zako, Khamis. Mimi nikigusa mstari wako leo, kesho kila mkubwa ataugusa.

Ana haki. Nimemchukia kwa saa nzima.

Jumatano, 14 Oktoba 1970

Nimelala na jambo hili nikaamka nalo. Tatizo langu ni lilelile: bila sheria, wanaapiana mlangoni na asubuhi inakwisha. Kwa sheria, mwema ndiye anayeadhibiwa.

Jibu nimelipata nyumbani, Asya alipopokea wageni asubuhi. Wanawake watano mlangoni, kila mmoja anamsukuma mwenziwe mbele. Asya hakubishana. Alitoka, akamshika mmoja mkono, akamwingiza, akarudi kumshika wa pili. Aliyeshikwa mkono na mwenye nyumba haapi tena. Hana la kusema. Si yeye aliyejitanguliza.

Miaka yote naona jambo hili mlangoni kwangu! Na mie nimo bandarini, nimo Ulaya, nimo kwenye duara la chini ya ardhi.

Nikaenda sokoni. Birika la dalla, vikombe, kahawa, iliki, sahani ya halua.

Alkhamisi, 15 Oktoba 1970

Nitaandika yote.

Nilifika kabla ya injini. Nikaweka dalla mlangoni. Walipojaa nikasimama nikawaambia kuwa ile sheria nimeiondoa, haikuwa sheria ya watu kama wao, na aliyeumia kwa ajili yake anisamehe. Mzee wa Samail akasema, "Alhamdulillah, tulidhani umeingia wazimu." Wakacheka. Nikacheka. Masikio yalikuwa yananiwaka.

Kisha nikawa mwenyeji. Kahawa kwa huyu, namshika mkono, karibu ndani. Kahawa kwa yule, mkono, karibu. Hakuna aliyeapa. Mathai hakuwahi kufanya kazi namna ile, akatoka jasho akasema leo mmenila nyama. Wote wa siku ya leo wakapita. Nikatazama jua. Adhuhuri bado.

Da Zuhura, aliyerudi kungoja, yuko mwisho wa benchi, palepale nilipompeleka. Nyuma yake wameshafika wengine wa siku za mbele, wamekuja kujaribu bahati. Nikamwendea. Nikamshika mkono. Akaanza, "Wallahi Khamisi, si—"

"Usiape, dada. Hapa mwenyeji ni mimi."

Nikageuka kwa watu. Nikataka kueleza. Yule bibi wa Yiti, aliyerudi kufungwa mkono, akanikata maneno: "Mwingize, mwanangu, mwingize! Mna pua moja. Tumejua tangu siku ya kwanza, tunangoja ujue wewe."

Benchi likaangua kicheko. Da Zuhura naye. Nikamwingiza.

Mathai akamlaza. Akatuondoa wote. Mlio mfupi, kama mtu anavuta pumzi kwa meno. Basi. Muadhini akaadhini.

Chumba cha giza, harufu ya siki. Filamu ndani ya maji. Kwanza hakuna kitu, halafu ukungu, halafu goti la dada yangu likaja lenyewe kutoka gizani, taratibu, kama mwezi unapotoka nyuma ya jabali. Goti lililokimbia ufukweni Mbweni. Goti nililolikalia nilipokuwa mdogo akinisukia hadithi. Na katikati ya viungo, peke yake, kipande kidogo cheupe cha mfupa, si kikubwa kuliko kokwa ya komamanga. Kimekwama mlangoni, hakiingii hakitoki. Miaka sita.

Vitu visivyoonekana vimegonga chuma, vikazaa mwanga usioonekana, ukapita ndani ya mtu nnayempenda, ukarudi na khabari. Nani anastahili kugawa saa za kitu kama hiki? Mimi, nisiyejua kugawa zamu ya kuoga.

Dokta Pieter aliishika filamu dirishani. Akatabasamu. Jumatatu, akasema.

Jumatatu, 19 Oktoba 1970

Wamekitoa. Da Zuhura alipozinduka aliuliza kama nimekula.

Jumamosi, 24 Oktoba 1970

Dokta Pieter ameondoka. Nilimpa halua amchukulie ndugu yake, na salamu kwa yule mgawa saa. Nilimwambia amwambie ajaribu kahawa. Amecheka, lakini nilisema kweli.

Jumapili, 13 Desemba 1970

Alasiri nimempelekea Da Zuhura samaki. Mlango wazi. Yuko kwenye mswala, hakunisikia.

Akarukuu. Akainuka. Kisha akaweka kiganja ukutani akashuka, goti zima kwanza, lile la pili polepole, akisikilizana nalo. Paji la uso likafika.

Akakaa huko muda mrefu. Nikadhani amekwama, nikavua kiatu kimoja niingie. Ndipo nikasikia anazungumza, kwa sauti ya chini kabisa.

Nikabaki mlangoni, kiatu kimoja mguuni, samaki ananidondokea.