Bibi wa Kopa Alikuwa kwa Nassor

Jumanne. Mvua ya vuli imepumzika tangu alfajiri na Likoni nzima inanukia udongo. Leo nimefundisha nikitabasamu peke yangu, hata wasichana wa darasani wakaanza kutazamana.

Baba hajapotewa na akili.

Nimeiandika sentensi hiyo ili niione. Tangu Ramadhani iishe, nyumbani kwetu tumekuwa watu wa kunong'ona. Baba alikuwa karani bandarini, na huko ndiko alikofunzwa briji, mchezo wa karata wa watu wanne, na rafiki yake, Bwana Fernandes wa Changamwe. Siku hizi kila Jumamosi alasiri tunakaa wanne barazani: mimi na Baba upande mmoja, kaka yangu Nassor na Bwana Fernandes upande wa pili. Pesa haziwekwi mezani, Baba hataki kabisa.

Yeye ndiye aliyetufunza kwamba kunadi ni kumwambia mwenzio ukweli kwa maneno machache. Sasa akawa ananadi shupaza na shupaza hana. Akawa anatupa uru pale panapotakiwa kopa, na kopa anazo mkononi. Kisha akampita jirani yetu njiani bila kumwamkia, hadi jirani alipotoa sauti.

Nassor akasema mzee asitoke tena peke yake, na kwamba afadhali ahamie kwake Kisauni apate kuangaliwa. Mama alilia. Mimi nilimkasirikia Nassor, kwa sababu moyoni nilikuwa nimekwisha kubaliana naye.

Jumamosi iliyopita, mchezo wa kwanza, Baba alishinda mnada. Katika briji, mshindi wa mnada huahidi idadi ya duru atakazokula, na mwenziwe huweka karata zake wazi mezani, kazi yake ikaisha. Kwa hiyo sikuwa na la kufanya ila kutazama. Baba akatupa uru juu ya kopa. Nassor akanitupia jicho.

Hapo ndipo nilipoona. Uru kwa kopa. Shupaza kwa pau. Hata mara moja hakuwahi kutupa nyeusi mahali pa nyekundu.

Akili ikipotea haichagui rangi.

Mchezo ulipokwisha nikamwita Mama. Briji haijui, lakini karata anazijua tangu utotoni. Nikasema, "Baba, mchezo huu Mama akusomee karata zako sikioni. Na sisi wengine kila mtu ataje anachokitoa."

Niliogopa nimemvunjia heshima mbele ya rafiki yake. Bwana Fernandes akawa anachanganya karata polepole, kama hakusikia.

"Haya, njoo ukae," Baba akamwambia Mama.

Bwana Fernandes ndiye aliyeanza mnada, akapita, yaani karata zake hazikutosha kunadi; ree huhesabiwa nukta nne, mfalme tatu, bibi mbili. Baba akanadi shupaza, nami nikamuunga mkono. Tukafika shupaza nne, yaani shupaza ndiyo turufu na Baba ameahidi kula duru kumi kati ya kumi na tatu. Duru tatu angeweza kupoteza. Ya nne, hapana.

Zile tatu zikaenda mara moja. Bwana Fernandes alikula kwa ree ya uru, kwa mfalme wa uru, kisha kwa ree ya pau. Baba akazikusanya turufu zao zote. Likabaki jambo moja. Baina yetu tulikuwa na ree ya kopa, mfalme na gulamu. Bibi wa kopa hatukuwa naye, na Baba angeweza kumtega kwa Nassor au kwa Bwana Fernandes, lakini si kwa wote wawili; akikosea, duru ya nne imepotea.

Baba akafumba macho. Mama akataka kumsomea tena, akamzuia kwa mkono.

Akatoa kopa ndogo. Nassor akataja ndogo.

"Gulamu," Baba akasema.

Nikaisogeza gulamu iliyokuwa mbele yangu. Bwana Fernandes akaweka ndogo, na gulamu ikala.

"Umejuaje bibi ninaye mimi?" Nassor akauliza.

"Fernandes alipita mwanzo," Baba akamjibu, macho bado kayafumba. "Kisha ametuonyesha ree mbili na mfalme. Hizo ni nukta kumi na moja. Angekuwa na bibi pia zingekuwa kumi na tatu, na mtu wa kumi na tatu hapiti. Mimi namjua huyu."

Bwana Fernandes akavua miwani akaipangusa, akasema tu, "Mzima huyu, Nassor."

Kisha Baba akasema neno ambalo bado linaniuma. "Ukungu nilikuwa nauona. Nilidhani ndivyo mtu anavyoanza kupotea."

Miezi yote hiyo alikuwa akiogopa kama sisi, naye hana wa kumnong'oneza.

Jana nilimvusha kwa feri hadi kwa daktari wa macho. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Atapasuliwa moja kwanza, jingine baadaye, na inshallah ataona. Mama alipopata habari alikaa chini palepale jikoni akacheka mpaka akashindwa kusimama.

Leo alasiri Nassor amekuja peke yake. La Kisauni hakulitaja tena. Amekaa karibu na Baba akamwomba amweleze upya hesabu ya zile nukta, na Baba akamweleza. Akaomba tena, sauti yake imebadilika kidogo, na Baba akamshika goti akaanza upya, taratibu.

Sasa nazima taa. Ni siku nyingi sijalala usingizi wa kweli.